Guangzhou kwa Miguu Siku Usiyojisikia Vizuri

Mtu anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi kwenda Guangzhou kufuata mzigo huwa hana nafasi ya kuugua. Asubuhi yuko kiwandani, mchana sokoni, jioni kwa ajenti akibishana juu ya nafasi ya kontena. Katikati ya pilikapilika hizo mwili unagoma: mafua, tumbo kuvuruga, kichwa kizito, miguu haina nguvu. Kiwanda kinasema bidhaa zitakuwa tayari keshokutwa, ndege ni wiki ijayo, na chumba cha hoteli kina dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu huyo, na kwa mwanafunzi au msafiri yeyote aliyefika mji ule mkubwa akaona hawezi kuutembea kama alivyopanga. Guangzhou inatembeleka hata kwa mtu mnyonge, mradi aukate mji vipande vidogo, na kila kipande kiwe na pa kukaa, choo, na kituo cha treni ya chini ya ardhi karibu. Ila homa ina sheria yake peke yake, na ndiyo tunayoanza nayo.

Hatua ya 1: Pima joto la mwili kabla ya kuvaa viatu

Nunua kipimajoto kama hukuja nacho. Kila duka la dawa linacho. Ikisoma nyuzi 38 au zaidi, leo hakuna matembezi. Nenda moja kwa moja hatua ya mwisho ya mwongozo huu.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya malaria. Anayetoka kwetu anaweza kuumwa na mbu Mwanza, Kisumu au Bujumbura, apande ndege akiwa mzima, kisha homa imshike China. Kwa kawaida dalili hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, na mara nyingine hukawia zaidi. Wakati huo uko Guangzhou, katika nchi ambayo Shirika la Afya Duniani liliithibitisha kuwa haina malaria tarehe 30 Juni 2021. Daktari wa huko akimwona mtu mwenye homa na maumivu ya viungo, jambo la kwanza kumjia akilini ni mafua makali. Ni wewe unayepaswa kumwambia ulikotoka. Malaria ya falsiparamu, aina hatari inayotawala Afrika, isipotibiwa inaweza kumgeuka mtu ndani ya saa 24 ikawa malaria kali, kwa hiyo usiseme "ngoja nione kesho". Usimeze pia nusu dozi ya dawa mseto iliyobaki kwenye begi. Itapunguza vijidudu kiasi cha kuvificha kwenye kipimo, na haitakuponya.

Kuna na homa ya dengue, ambayo mkoa wa Guangdong unaijua vizuri. Mwaka 2014 Guangzhou ilipata mlipuko mkubwa sana, mwaka uleule ambao Dar es Salaam nayo ilikuwa ikipambana nayo. Mwaka 2025 mji jirani wa Foshan ukakumbwa na chikungunya. Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu anayeuma mchana. Ukiwa na homa, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma, usiguse aspirini wala ibuprofeni mpaka upimwe, maana kwenye dengue huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamo ndiyo salama zaidi.

Kama huna homa, huna damu kwenye choo, hupumui kwa shida na kifua hakibani, basi huenda una mafua ya kawaida, tumbo la safari au uchovu wa ndege. Hapo tunaweza kutoka.

Kuhusu uchovu wa ndege, kumbuka Guangzhou iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Unapoamka saa moja asubuhi ya kule, mwili wako unajua ni saa nane ya usiku wa manane. Kichefuchefu na kizunguzungu cha siku mbili za mwanzo mara nyingi ni hicho tu, na mwanga wa asubuhi nje ya hoteli husaidia kuliko kidonge.

Hatua ya 2: Fungasha mkoba mdogo

Pasipoti iwe mkononi, maana polisi wanaweza kuiulizia na hospitali haikuandikishi bila hiyo. Weka kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina. Weka tishu nyingi. Vyoo vya umma ni vingi, ni bure na kwa kawaida ni visafi, lakini vingi havina karatasi na vingi ni vya kuchuchumaa. Mwenye tumbo baya alijue hilo mapema. Alama ya kutafuta ni 厕所 au 卫生间.

Weka kanga au shuka nyepesi. Watu hushangaa nikisema hivyo kuhusu mji wenye joto, lakini ndani ya treni, maduka makubwa na makumbusho kiyoyozi hupuliza baridi kali. Kutoka kwenye jasho kuingia kwenye baridi ile, mara sita au saba kwa siku, kunamchosha mwenye mafua kuliko kutembea kwenyewe. Kanga mabegani, basi. Barakoa nayo ni ya kawaida kabisa: mwenye mafua akiivaa hakuna anayemkodolea macho, na ni heshima kwa wenzako kwenye treni.

Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa. Kila chumba cha hoteli kina birika la umeme. Chemsha usiku, ujaze chupa inayotunza joto. Wachina wenyewe hunywa maji ya moto tangu asubuhi hadi jioni, na ukimwomba mhudumu wa mgahawa 热水, yaani maji ya moto, atakupa bila kuuliza sababu.

Hatua ya 3: Pita duka la dawa

Maduka ya dawa yamejaa kila mtaa, yameandikwa 药房 au 药店. Onyesha maandishi kwenye simu, usitegemee kueleza kwa mikono. Kwa kuharisha, omba chumvi ya kuongeza maji mwilini: 口服补液盐. Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Pakiti za nyumbani tumezoea kuzichanganya kwenye lita moja ya maji. Nyingi za huko ni ndogo, za kuchanganya na mililita 250 tu. Soma tarakimu kwenye pakiti. Ukiichanganya pakiti ndogo kwenye lita nzima unakunywa maji matupu.

Kwa maumivu, parasetamo inaitwa 对乙酰氨基酚. Dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zinazouzwa China zina parasetamo ndani yake tayari, na mara nyingi jina lake huonyesha herufi 氨酚. Ukimeza dawa ya mafua kisha ukaongeza na Panadol uliyotoka nayo nyumbani, umejizidishia dozi bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Kama dawa fulani inakudhuru, andika jina lake kwa Kichina kwenye simu kabla ya kuondoka hotelini. Asiyepatana na penisilini aandike: 我对青霉素过敏.

Utaona pia vibanda vinavyouza 凉茶, chai ya mitishamba, nyeusi na chungu sana, ambayo watu wa Guangdong huinywa kupunguza kile wanachokiita joto la ndani ya mwili. Kwa aliye mzima ni jambo la kuonja. Mwenye tumbo linaloendesha, mwenye mimba, au anayetumia dawa za kila siku aiache.

Hatua ya 4: Iandae simu ukiwa bado hotelini

Ramani na huduma za Google hazifanyi kazi China bila njia za kuzunguka, na WhatsApp vivyo hivyo. Laini ya nyumbani ikiwa kwenye huduma ya kutumika nje ya nchi kwa kawaida hupita, lakini gharama yake uijue kabla. Weka programu ya ramani ya Amap, na programu ya tafsiri ambayo lugha ya Kichina imeshapakuliwa ndani ya simu. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat. Tangu 2023 zimefungua mlango mpana kwa kadi za kigeni. Kwa hizo utalipa uji, treni, teksi na hospitali. Bado beba yuani mia kadhaa taslimu, kwa sababu simu ikizima wewe ni mgonjwa asiye na hela mtaani. Pawa benki si anasa siku hiyo.

Kwa teksi, huduma ya Didi inapatikana ndani ya Alipay na unaweza kuandika unakokwenda bila kuzungumza na dereva. Kwa mtu aliyeishiwa nguvu hilo ni jambo kubwa.

Baiskeli za kukodi barabarani ziache. Mwenye kizunguzungu hafai kuwa juu ya baiskeli katika mji ule.

Hatua ya 5: Chagua saa

Kuanzia Juni hadi Septemba joto la mchana hupita nyuzi 33 mara kwa mara, na unyevu wa hewa ni mzito kama wa Tanga wakati wa masika. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, urudi ndani kabla ya saa nne. Kipindi cha pili ni baada ya saa kumi na moja jioni. Katikati yake lala, au kaa ndani ya makumbusho. Aprili na Mei mvua hunyesha ghafla na kwa nguvu, na ndipo Maonyesho ya biashara ya Canton ya msimu wa kwanza yanapojaza hoteli na treni. Oktoba na Novemba, wakati wa msimu wake wa pili, hali ya hewa ni tamu zaidi, na mgonjwa anaweza kutembea hata mchana.

Asubuhi ina faida nyingine. Bustani zimejaa wazee wanaofanya mazoezi ya polepole na kucheza muziki, na mwendo wao ndio unaokufaa wewe.

Hatua ya 6: Chagua kipande kimoja tu

Kwa mtu mgonjwa chaguo langu la kwanza ni Shamian, na sioni la kushindana nalo. Ni kisiwa kidogo kwenye ukingo wa Mto wa Lulu, takriban mita 900 kwa urefu na 300 kwa upana, tambarare kabisa, magari machache, kimefunikwa na vivuli vya mibaniani mikubwa. Shuka kituo cha Huangsha, ambacho kiko kwenye mistari ya 1 na 6, ufuate vibao vya Shamian. Kabla ya kutoka kituoni angalia herufi ya mlango unaouhitaji. Vituo vya Guangzhou vina milango mingi, na ukikosea utajikuta ng'ambo ya barabara kubwa ukipanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Mwenye magoti yanayotetemeka afuate alama ya kiti cha magurudumu, ndiyo inayoelekeza kwenye lifti.

Baada ya Vita vya Pili vya Afyuni, kisiwa hiki kilikabidhiwa Waingereza na Wafaransa. Waingereza walichukua upande wa magharibi, ulio mkubwa, Wafaransa kipande cha mashariki. Majengo yao ya mawe yenye veranda pana bado yamesimama: benki, balozi ndogo, nyumba za makampuni ya biashara. Anayeufahamu Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mombasa ya zamani atasimama mbele ya veranda zile na kuielewa biashara iliyozijenga bila kusomewa kibao. Upande wa Wafaransa kuna Kanisa la Bikira Maria wa Lourdes, dogo na tulivu. Anza huko mashariki, ufuate barabara ya katikati yenye bustani na sanamu za shaba, kaa kila unapoona benchi, kisha uishie ukingo wa kusini kwenye upepo wa mto. Ukienda taratibu na kupumzika, ni mwendo wa saa moja na nusu.

Ukizidiwa na joto, ingia ukumbi wa White Swan, hoteli iliyofunguliwa 1983 kwenye ukingo huohuo. Ndani kuna maporomoko ya maji na ubaridi. Agiza chai, ukae nusu saa. Bei yake si ya mtaani, lakini siku ya ugonjwa kiti kizuri kina thamani yake.

Kaskazini, ukivuka mfereji, liko soko la Qingping, maarufu kwa dawa za asili: mizizi, uyoga, samaki farasi waliokaushwa, tangawizi kwa magunia. Linavutia sana. Lina harufu nzito vilevile, na mwenye kichefuchefu aliangalie kutoka ng'ambo ya mfereji tu.

Chaguo la pili ni eneo la kituo cha Yuexiu Park, mstari wa 2. Bustani yenyewe ni ya vilima. Sanamu ya Mbuzi Watano, wa hadithi iliyoupa mji jina lake la utani, iko juu ya ngazi, na mnara wa Zhenhai wa mwaka 1380 uko juu kilimani, kwa hiyo vyote viwili viache siku nyingine. Zunguka ziwa lililo karibu na lango la kituo, ukiwa umejipaka dawa ya mbu. Kisha vuka barabara ya Jiefang uingie Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa eneo hili. Kaburi la mfalme huyo, Zhao Mo, liligunduliwa 1983 wakati mafundi wakisawazisha kilima ili wajenge. Alizikwa amevikwa vazi la vipande zaidi ya 2,000 vya jade vilivyoshonwa kwa nyuzi za hariri, na vazi hilo lipo mbele yako nyuma ya kioo. Ndani kuna kiyoyozi na vyoo. Kaburini kwenyewe ni pembamba na pa chini. Mwenye kizunguzungu abaki kwenye kumbi za maonyesho. Jumatatu makumbusho mengi ya China hufungwa, hivyo hakikisha siku.

Karibu na hapo uko Msikiti wa Xianxian, ambao kwa mapokeo ya Waislamu wa Guangzhou una kaburi la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Ijumaa unajaa watu kutoka pande zote za dunia, na Kiswahili utakisikia. Siku nyingine ni kimya, kuna miti na maji ya kutawadhia, na Mwislamu mgonjwa akae hapo mpaka nguvu zirudi.

Jioni, kama umepata nafuu, iko Huacheng, uwanja mpana wa Mji Mpya wa Zhujiang wenye maduka makubwa chini yake. Ni tambarare, vyoo viko kila mahali, na mnara wa Canton wa mita 600 unauona ng'ambo ya mto bila kuupanda.

Njiani popote, geuka nyuma kabla ya kuhama upande kwenye kibaraza cha waenda kwa miguu. Pikipiki za umeme hupita hapohapo bila kelele yoyote, na mtu aliyezibwa masikio na mafua hazisikii kabisa.

Hatua ya 7: Kula kidogo, mara nyingi

Guangzhou ni bahati kwa mgonjwa, maana uji wa mchele ni chakula cha heshima huko, asubuhi hadi usiku wa manane. Omba 白粥, uji mtupu. Aina nyingine nyingi huchanganywa na nyama ya nguruwe au mayai meusi yaliyohifadhiwa, kwa hiyo asiyekula nguruwe asikubali bakuli asilolijua. Neno la kutafuta ni 清真, halali, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Migahawa ya tambi za Lanzhou huwa na alama hiyo. Mchuzi wake wa ng'ombe ni moto, mwepesi, na huzibua pua. Waambie wasitie pilipili: 不要辣.

Ukitamani ugali, au mtu wa kukuambia pole kwa lugha yako, panda treni ya mstari wa 5 mpaka Xiaobei. Waafrika wamefanya biashara mtaa huo kwa miaka mingi, na atakayekuelekeza kwa mkalimani au daktari anayejua Kiingereza hutamkosa.

Hatua ya 8: Ukizidiwa

Homa ikipanda, ukaharisha damu, ukashindwa kubakiza maji tumboni, ukachanganyikiwa au kifua kikabana, matembezi yamekwisha. Gari la wagonjwa ni namba 120, polisi ni 110. Kama unaweza kukaa kwenye teksi, nenda hospitali kubwa ya umma, si zahanati ya mtaani. Mlango wa dharura umeandikwa 急诊 na huwa wazi usiku na mchana. Wenye homa mara nyingi huelekezwa kliniki yao, 发热门诊, yenye mlango wake peke yake.

Utaratibu ni huu: unajiandikisha dirishani kwa pasipoti, 挂号, unalipa, unamwona daktari, unalipa vipimo, unapimwa, unarudi kwake na majibu. Kila hatua hulipiwa kabla, kwa hiyo simu iwe na chaji na kadi iwe na fedha. Risiti zote zitunze kwa ajili ya bima. Mpigie ajenti wako au mwenzako aje, maana kupanga foleni tatu ukiwa na homa peke yako ni mateso.

Na kabla daktari hajasema neno, mwonyeshe sentensi hii, uliyoihifadhi kwenye simu tangu nyumbani:

我从非洲来,发烧了,请帮我查疟疾。

Maana yake: nimetoka Afrika, nina homa, tafadhali nipime malaria. Akikujibu kwamba malaria haipo China, mwonyeshe muhuri wa kuingia kwenye pasipoti yako na tarehe uliyoondoka nyumbani. Kipimo kikionyesha hakuna na homa ikaendelea, omba kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, maana cha kwanza kinaweza kukosa vijidudu vikiwa vichache. Safari ya ndege ahirisha mpaka homa ishuke. Ukifika nyumbani mpe daktari wako karatasi za Guangzhou hata kama hawezi kuzisoma. Majina ya dawa na tarakimu za vipimo vitatafsiriwa kwa simu kwa dakika chache.